Hodi za Kiingereza

Madamu alitunyang'anya neno "but" siku ya kwanza kabisa. Aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akatuuliza maana yake, tukajibu kwa pamoja kuwa ni "lakini". Akalifuta kwa kiganja cha mkono, akasema asiyeweza kuishi bila neno hilo arudi kwake akalale. Mtu anayesema "but" mbele ya mkubwa wake, alituambia, ni sawa na mtu anayeingia chumbani kwa mwenzake bila kubisha. Kisha akatupa maneno ya kuweka mahali pake: "I see your point", yaani hoja yako nimeiona, "on the other hand", kwa upande mwingine, "if I may", ukiniruhusu. Aliyaita hodi za Kiingereza, na kwa zaidi ya miaka miwili hakutufundisha kitu kingine.

Wakati huo reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado inajengwa, na shaba ilishuka pwani kwa malori. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya Mbeya ya shirika moja lililokuwa na malori hayo. Kila wiki tulipokea wageni, wenye mizigo, watu wa bima, wauza vipuri, na vikao vyao vyote vilikuwa vya Kiingereza. Meneja wetu aliona aibu. Alisema watu wake wakikaa mbele ya wageni wanakuwa kama magunia ya mahindi, wamepangwa tu, hawasemi. Ndipo akamtafuta Madamu, aliyekuwa akifundisha katika shule moja pale mjini, aje mara mbili kwa wiki baada ya saa za kazi atufundishe kuzungumza kikaoni. Chumba hakikuwapo. Tukapewa stoo ya matairi.

Tulikuwa tisa, wengi wetu makarani, na mafundi wawili, na dereva mmoja, na mimi mwanamke peke yangu. Tulikalia matairi mabovu. Tairi moja jipya la lori Madamu alilisimamisha juu ya kiti mbele ya ubao, akaliegemeza ukutani, na hilo ndilo likawa mwenyekiti wa kikao. Ilikuwa lazima ulitazame unaposema. Ukianza kutoa hoja bila hodi, aligonga tairi kwa rula na kusema, "Mwenyekiti hakukusikia. Rudia." Watu wazima, wenye wake na watoto, tulisimama kwenye harufu ile ya mpira tukiliomba tairi ruhusa ya kuongeza neno. Mwanzoni tulicheka, lakini haikufika mwezi tukaacha. Mbeya ni baridi, jioni hizo kila mtu angependa kuwa kwake karibu na jiko, na Madamu hakutuachia hata dakika moja.

Yeye mwenyewe alivaa sweta ya kijivu mwaka mzima, na viatu vya kamba kama vya mwanamume. Hata stoo ikiwa tupu aligonga mlango kabla ya kuingia. Chaki alizivunja vipande vidogo sawasawa, akazipanga kwenye kopo, na jioni akaondoka nazo kama mtu anayeogopa wezi.

Karani mmoja mpole sana ndiye alikuwa wa kwanza kuyatumia maneno yake mbele ya wageni wa kweli. Ilikuwa katika kikao na watu wa mafuta. Akainua mkono akasema, "If I may come in here, Mister Chairman," na wageni wote wakageuka kumtazama, wakimngojea. Hakuwa na la kusema. Alikuwa amejiandaa kwa hodi tu. Akakohoa, akashukuru, akakaa. Nilidhani Madamu atamkaripia alipopata habari, kumbe alifurahi mpaka akatabasamu, jambo lililokuwa adimu kwake. "Walimgeukia?" aliuliza mara mbili. "Wote?" Tukasema wote. Hakuuliza alisema nini.

Nilipaswa kuliona tatizo siku ile. Sikuliona. Na mimi nilifurahi.

Ajabu ya Madamu ni kwamba Kiswahili chake hakikuwa na hodi hata moja. Pale sokoni alimwambia mama muuza nyanya, "Hizi zimeoza, na wewe unajua." Mimi aliniambia mbele ya makarani wanaume, "Sketi hiyo si ya kazini, kabadilishe." Meneja alipomweleza kwa dakika kumi jinsi anavyothamini kazi yake na jinsi stoo itakavyohitajika kwa matairi mapya, alimkatiza: "Unataka tutoke ama hutaki?" Meneja akasema hataki. "Basi nina darasa," akasema, akamwacha amesimama.

Nilimwuliza siku moja kwa nini hatumii kwa Kiswahili yale anayotufundisha kwa Kiingereza.

"Kiswahili ni cha nyumbani," alinijibu. "Mtu nyumbani kwake anabisha hodi ya nini?"

Lakini Kiswahili hakikuwa cha nyumbani kwake, kama kisivyokuwa cha kwangu. Cha nyumbani kwake kilikuwa Kihehe, na hicho nilikisikia kinywani mwake mara chache mno, anapokutana na bibi kizee wa kutoka Iringa njiani akamwamkia "Kamwene", na hapo sauti yake ilishuka, ikalainika, ikawa sauti ya mtu mwingine kabisa. Bibi akishapita, alirudi kuwa Madamu.

Baba yangu alipofariki, Madamu alipanda lori letu usiku kucha mpaka kwetu Iringa, yeye peke yake kati ya watu wa ofisini ukimwacha dereva. Hakuniambia pole. Sijawahi kumsikia akisema pole kwa mtu yeyote. Aliingia jikoni, akafunga khanga kiunoni, akaosha masufuria ya msiba mpaka mikono ikavimba, siku mbili, kisha akarudi Mbeya kuwahi darasa. Mama yangu mpaka leo anamtaja kuwa ndiye mtu aliyemfariji. Mimi simbishii mama, lakini nimekuwa na Madamu kooni kwa miaka mingi, na kitendo kile cha masufuria ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu kama asingekuwa mwema ningemchukia bila taabu.

Dereva aliyemleta siku ile alikuwa Masanja, ndiye yule mwenzetu wa darasani.

Masanja alitoka Usangu, katika familia ya wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka Usukumani akiwa mtoto. Alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye heshima, na kila safari ya kupita Iringa alimpelekea mama yangu barua zangu na chochote nilichokuwa nacho, chumvi au sabuni. Alijifunza Kiingereza cha Madamu kuliko sisi wote. Alikariri akiwa anaendesha. Utingo wake alilalamika kwamba kutoka Tunduma mpaka Igawa hakuna mazungumzo humo kwenye lori, ni dereva na usukani wanaombana ruhusa.

Alikuwa na tabia moja ya kusema. Kila sentensi ya Kiswahili aliianza na "kwa kweli". Kwa kweli nimekula. Kwa kweli mvua imenyesha. Tunawajua wengi wanaosema hivyo, wala hakuna anayewashangaa. Ni kama kusafisha koo. Madamu akampa ya Kiingereza: "to tell you the truth", yaani nikuambie ukweli. Masanja akaipokea kama mtu aliyepewa shati lililomkaa vizuri, akaanza kuivaa kila siku. Madamu akamsifu. Alisema huyo ndiye mtu pekee darasani ambaye Kiingereza chake kinatembea bila kusukumwa.

Mimi nilisita. Nilimfuata baada ya darasa. "Madamu, mtu akisema kila saa kwamba sasa anasema ukweli, msikilizaji hatajiuliza saa nyingine anasema nini?"

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe kazi yako ni kuchapa," akasema. "Kachape."

Sikurudia. Ila sikusahau.

Lazima niseme pia kuhusu majivuno yake, maana ndiyo yaliyotufikisha tulikofika. Madamu hakujali nguo wala chakula wala sifa za uzuri. Alichotaka ni kusikia maneno yake yakitoka vinywani mwa watu wake mbele ya wakubwa. Kila baada ya kikao alikuja mezani kwangu kuomba kumbukumbu nilizochapa. Alizisoma amesimama, kidole kikitembea kwenye mistari, akitafuta "however" yake, akitafuta "on the other hand" yake, na akiikuta alisimamisha kidole hapo kidogo, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Tulichokuwa tumeamua kikaoni hakikumhusu.

Kisha lori la Masanja lilikosa breki kwenye mteremko wa Kitonga.

Alikuwa na shaba tela zima. Alipoona breki hazishiki, aliligongesha lori kwenye ukuta wa mlima kuliko kuliacha liende korongoni, na kwa kufanya hivyo aliokoa roho yake na ya utingo. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Shaba ilimwagika barabarani, na kabla askari hawajafika sehemu yake ilikuwa imekwisha kubebwa na watu. Masanja alisema kwamba siku moja kabla, pale Ipogolo, alimwambia msimamizi wa yadi kwamba breki zimelegea, na msimamizi akamjibu aende hivyohivyo, atatengenezewa pwani. Msimamizi akasema hakuambiwa kitu. Karatasi haikuwapo. Lilikuwa neno la mtu mmoja na neno la mtu mwingine, na lazima mmoja aaminiwe.

Watu wa bima wakamtuma mkaguzi, Mzungu, na wote wakaitwa Mbeya. Siku mbili kabla ya kikao nilikuwa mezani kwangu Madamu alipoitwa na meneja. Mlango ulikuwa wazi.

"Madamu, huyu dereva tumwekee mkalimani?"

"Wa nini?" Madamu akasema. "Huyo ndiye mwanafunzi wangu bora. Mwacheni mgeni amsikie."

Masanja alikuja na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, amevaa koti la kuazima, mkono mmoja wa koti unaning'inia. Mezani walikaa meneja, mkaguzi, na yule msimamizi kutoka Ipogolo. Madamu aliwekwa mwishoni mwa meza, kwa heshima, kama mwalimu wa wafanyakazi. Mimi nilikaa pembeni na daftari langu la hati mkato.

Mkaguzi aliuliza kama breki ziliripotiwa.

"Of course, sir," Masanja akajibu.

Alitaka kusema ndiyo, bwana, bila wasiwasi wowote. Ndivyo tulivyoelewa sisi sote. Kwenye sikio la yule mgeni jibu lile lilikuwa kama kumwambia, swali gani hilo, hata mtoto anajua. Uso wake ulibadilika. Akasema polepole kwamba katika chumba kile hakuna jambo lililokuwa "of course".

Masanja akaona amekosa adabu, ingawa hakujua wapi. Akakimbilia ile hodi aliyoizoea. "To tell you the truth, sir," akasema, na akaeleza vizuri kabisa, neno kwa neno, alivyosimama Ipogolo na alichomwambia msimamizi na alichojibiwa. Swali la pili, akaanza vilevile. La tatu, vilevile. Mkaguzi akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ukweli ndio unaanza sasa," alisema kwa Kiingereza chake cha sauti ya chini. "Na yale uliyoniambia kabla yalikuwa nini?"

Meneja akacheka. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Mgeni alikuwa ametania. Msimamizi wa Ipogolo naye akacheka kwa sababu meneja amecheka.

Masanja akageuka akamtazama Madamu. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama tulivyomtazama darasani tulipokwama, tukimngojea atupe neno. Madamu alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia mikono yake juu ya meza.

Basi Masanja akafanya alilofundishwa. Alidhani kosa lake ni uchache wa heshima, akaongeza. "With all due respect, sir." "As a matter of fact." "To be honest with you." Kadiri alivyoona wanamtilia shaka ndivyo alivyozidi kupiga hodi, na kadiri alivyopiga hodi ndivyo mkaguzi alivyozidi kukunja uso. Jasho lilimtoka mpaka kitambaa cha mkono kikalowa. Kisha akaulizwa msimamizi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuomba maji ya kunywa.

"Did he report?"

"No."

"Are you sure?"

"Yes."

Mkaguzi akashukuru, akaandika.

Walipotoka kunywa chai nilimfuata Madamu barazani. "Madamu, waombe Masanja aseme kwa Kiswahili. Nitatafsiri mimi, au utafsiri wewe."

"Ataweza."

"Hawezi, Madamu. Wanamcheka."

"Nimesema ataweza. Rudi kwenye daftari lako."

Nikarudi kwenye daftari langu.

Mkaguzi alipoondoka alimpa Madamu mkono, akamwambia hajawahi kukutana na dereva mwenye Kiingereza kingi kiasi kile. Madamu akasema asante.

Jioni meneja alikuja mezani kwangu. "Yale ya mgeni ya kutania usiyaweke," akaniambia. "Weka maswali na majibu tu, iwe fupi." Nikafanya hivyo. Katika karatasi niliyochapa hakuna mtu aliyecheka, hakuna kalamu iliyowekwa chini. Yupo Masanja peke yake, akiapa ukweli wake mara kumi na moja bila ya mtu kumwomba. Ukiisoma usiyekuwapo, unamwona mtu anayezunguka mbuyu. Ndilo neno meneja alilolitumia alipoipeleka juu: dereva anazunguka mbuyu. Barua ya kumfukuza kazi niliichapa mimi pia, na nakala mbili. Wenye malori wengine wote katika barabara ile walijua habari ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyempa usukani tena.

Madamu alikuja kuzisoma zile kumbukumbu, kama desturi yake. Alifika mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Kidole hakikusimama popote. "Umechapa vizuri," akasema, akaniwekea karatasi mezani.

Darasa liliendelea. Hili ndilo nililoshindwa kumsamehe. Wiki iliyofuata aliingia stoo, baada ya kugonga, akatupangia kikao, tukaanza kuliomba tairi ruhusa, wanane sasa. Hakumtaja Masanja wala hakueleza kosa lilikuwa wapi. Karani mmoja alijisahau akasema "to tell you the truth", na Madamu alimpiga rula ya mkono, mtu mwenye watoto watano. Hakusema kwa nini. Mwisho wa mwaka alipata nafasi ya kufundisha shule ya wasichana Iringa, akaondoka. Meneja alimwandikia barua ya shukrani, nikaichapa. Tulimfanyia chai. Alikula mandazi mawili akaaga kila mtu kwa mkono, na mimi nilimpa ncha za vidole.

Kwa miaka iliyofuata nilimsimulia kwa yeyote aliyetaka kusikiliza. Nilisema mwanamke yule aliuza mtu kwa ajili ya sifa. Nilisimulia hodi, nikasimulia tairi, nikasimulia alivyoangalia mikono yake. Habari ya ile karatasi sikuisimulia.

Nilikutana na Madamu tena Igawa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya sabini, sabuni ilipokuwa ya kupanga foleni. Nilikuwa ndani ya basi kutoka Mbeya nikienda kumwona mama, na basi lilisimama Igawa ili abiria wapate kula. Nikaingia kwenye kibanda cha kwanza, cha wali na maharage, nikakuta mtu ameinamia mizani ya mchele, mrefu, mkono wake wa kulia haunyooki sawasawa. Masanja alinitambua kabla sijamtambua.

"Dada," akasema. "Karibu. Mama hajambo?"

Nikasema hajambo. Alimwita mkewe anisalimu, akavuta benchi. Alisema maneno machache, yaliyokatwakatwa. Nilimwuliza kama biashara inakwenda. "Ndiyo." Kama mkono bado unauma. "Hapana." Nikaketi, na ndipo nilipoona kwamba aliyekaa upande wa pili wa benchi ileile, na sahani ya wali mbele yake, ni Madamu. Alikuwa amekonda. Sweta ilikuwa nyingine, ya kijani.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba." Akasogeza sahani. "Unakwenda Iringa? Tutapanda pamoja. Mimi ninarudi."

"Ulikuja Igawa kwa nani?"

Akaonyesha kwa kidevu, pale kwenye mizani. "Ni mara ya tatu. Kila likizo. Ninakuja niseme neno langu, na kila nikifungua mdomo ananiletea mboga." Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida na Masanja alikuwa hatua tatu kutoka hapo. "Mara ya kwanza nilianza mbali sana. Nikamwuliza habari za mvua. Mara ya pili nikaanza na habari za shule. Ananisikiliza, anasema karibu chakula, Mama, halafu anaondoka."

Moyoni nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi kwamba haimwendei rahisi.

Konda alianza kuita watu wa Iringa. Madamu akasimama. Akaenda mpaka kwenye mizani, akasimama mbele ya Masanja, na wateja wawili wa mchele wakiwa pale na mifuko yao.

"Nilikosea," akasema. "Mkalimani nilimkataa mimi. Na ulipoanza kuchekwa nilijua kosa liko wapi, nikanyamaza, kwa sababu ningesema ningeonekana sikukufundisha kitu. Ulisema ukweli, na mimi nilijua."

Wateja wakawa wanaangalia chini. Masanja alimaliza kumimina mchele kwenye mfuko, akaufunga, akampa mwenyewe.

"Nimesikia, Mama," akasema.

Madamu alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili kutazama. Masanja alimsaidia mteja wa pili. Basi likapiga honi, na Madamu akachukua mkoba wake akatoka.

Nilipoinuka Masanja aliniita. Aliniwekea mchele mweupe mzuri wa Usangu kwenye mfuko wa kitambaa, akaufunga kwa meno na mkono mmoja. "Wa mama yako," akasema. "Mwambie namkumbuka." Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia habari ya ile karatasi. Watu walikuwa wameondoka, mkewe alikuwa nyuma jikoni. Nikasema asante sana, kaka, nikachukua mchele nikakimbilia basi.

Madamu alikuwa ameniwekea kiti. Tulipita Makambako, tukapita Mafinga, misonobari ikaja ikaisha. Karibu na Iringa akasema, bila kunigeukia:

"Ile karatasi niliisoma mara mbili. Vicheko havikuwamo."

"Niliambiwa nisiviweke."

"Najua," akasema. "Mimi hakuna aliyeniambia ninyamaze."

Nilidhani ataendelea, kwamba sasa ataniuliza nilichomwambia Masanja pale kibandani. Hakuniuliza. Tulipofika Ipogolo aliteremka, akasimama upande wa barabara akirekebisha sweta, na basi likaniondoa pale. Sikumwona tena. Nilisikia alikufa akiwa bado anafundisha.

Mama aliupika mchele Jumapili. Aliusifu, akasema huyo kijana ni mtu wa shukrani, na kwamba nikipita tena Igawa nisimame nimfikishie salamu zake. Nikasema nitazifikisha. Nimepita Igawa mara nyingi tangu hapo, na kila mara nimebaki ndani ya basi.